Kipaza sauti kwanza, au daftari la hesabu?

Swali: Nataka kuwa mtaalamu wa fedha anayesikika redioni. Nisomee uhasibu au utangazaji?

Jibu: Utangazaji, ingawa hesabu haikwepeki. Martin Lewis, mtangazaji wa masuala ya fedha wa Uingereza, alisomea utawala na sheria, kisha uandishi wa habari za utangazaji huko Cardiff. Mwaka 2003 alianzisha tovuti ya MoneySavingExpert kwa pauni 100 tu. 2012 akaiuza kwa hadi pauni milioni 87. Kilichomjenga ni kusoma masharti ya mikataba ambayo wengi huyaruka, kisha kuyaeleza kama jirani. Utasema tovuti hiyo ilipata kamisheni kutoka kwa kampuni ilizoziunganisha na wasomaji. Kweli, ila viungo vilivyolipiwa viliwekwa alama, msomaji akajua. Lakini ukitaka kumwambia mtu anunue hisa gani, hapo tafuta leseni kwanza.