Mauti ya Mtawala na Wajibu wa Waislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo watu hulisema barazani kwa sauti ya chini, na siku likitokea hulisema kwa makelele. Nalo ni kufa kwa mtawala aliyeshika kila kitu mkononi mwake, na khofu ya nani atakayekaa mahali pake.

Ukiangalia utaona kwamba khabari kama hiyo inapofika, watu hugawanyika makundi matatu. Wapo wanaolia kana kwamba riziki zao zimezikwa pamoja na maiti. Wapo wanaoshangilia kana kwamba dhulma yote ilikuwa ni mtu mmoja tu, na sasa imekwisha. Na wapo wanaokimbilia mlango wa mtawala mpya hali kaburi la yule wa kwanza halijafukiwa. Twataka kuonyesha, inshallah, kwamba makundi haya matatu yamekosea kosa moja: yametundika matumaini na khofu zao juu ya kiumbe, na kiumbe hufa.

Mfano wetu tutauchukua katika nchi yetu wenyewe, ili asije mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya mbali.

KHABARI ILIYOTOKA MOMBASA

Jumanne tarehe 22 Agosti 1978, kabla ya kupambazuka, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, Mzee Jomo Kenyatta alifariki katika Ikulu ya Mombasa. Alikuwa ameiongoza nchi tangu uhuru wa 1963. Hapana anayekana kazi yake katika kupigania uhuru. Lakini haki haitupi ruhusa ya kusahau yaliyokuja baadaye. Tangu 1969 palibaki chama kimoja tu. Ilikuwapo sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumpeleka mbele ya hakimu. Mwezi wa Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wabunge Seroney na Shikuku walikamatwa katika majengo ya Bunge yenyewe na kutiwa kizuizini.

Mauti yalitokea pwani, lakini fitina ya urithi wa kiti ilikuwa imepikwa bara, katika mji wa Nakuru. Mji huo ndio uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Rift Valley, na Mzee alikuwa na Ikulu huko ambayo aliipenda na kuikalia sana. Pande zake zote ni mashamba yenye rutuba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru mengi yaliingia mikononi mwa wakubwa na makampuni ya kununua ardhi. Kwa hiyo swali la nani atatawala lilikuwa huko ni swali la nani atalima na nani atahama.

Sheria ya nchi ilisema kwamba Rais akifa, Makamu wake atashika kazi kwa muda wa siku 90 hata uchaguzi ufanywe. Makamu alikuwa Daniel arap Moi, tangu 1967. Tarehe 26 Septemba 1976 palifanywa mkutano mkubwa Nakuru, na miongoni mwa waliouongoza alikuwa Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru North. Hapo ikatakiwa sheria hiyo ibadilishwe, Makamu asipate kukikalia kiti hata kwa siku hizo 90. Tarehe 6 Oktoba Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akatoa onyo kwamba kuwaza na kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa.

Enyi ndugu zetu, ziangalieni pande mbili hizi. Upande mmoja ulitaka kuivunja kanuni kwa sababu haukumpenda mtu. Upande wa pili uliilinda kanuni kwa kuwatisha watu wasiyataje mauti ambayo Mwenyezi Mungu amekwisha kumwandikia kila mwenye nafsi. Na raia wa kawaida, mwenye duka Bondeni au mwenye ng'ombe kumi Molo, hakuulizwa na yeyote kati yao.

Miaka miwili haikutimia ila amri ya Mola ikaja. Moi alikuwa nyumbani kwake Kabarak, karibu na Nakuru. Alipofikiwa na khabari alisafiri upesi kwenda Nairobi, na siku ile ile akaapishwa kushika kazi. Watu wengi walikuwa wamechelea vita, na vita havikuwa. Mzee alizikwa tarehe 31 Agosti, na tarehe 14 Oktoba 1978 Moi akaapishwa kuwa Rais kamili. Wale waliochelea walisalimika kwa sababu palikuwa na kanuni iliyojulikana kabla ya msiba, na kanuni ile ikafuatwa. Hili ni la kushukuriwa, na ni la kuwekwa moyoni.

FURAHA ILIYOPITA

Tarehe 12 Desemba 1978 Rais mpya aliwafungua watu waliokuwa kizuizini, na nchi nzima ikafurahi. Mmoja wao alikuwa Koigi wa Wamwere, mtu wa Nakuru, aliyekuwa amefungiwa tangu 1975. Mwaka 1979 akachaguliwa kuwa mbunge wa Nakuru North, kiti kile kile kilichokuwa cha Kihika Kimani. Watu wakaona kwamba mambo yamegeuka kabisa, na nyimbo za sifa zikawa nyingi.

Lakini wazee wetu wamesema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sheria ya kizuizini ilibaki pale pale. Waliofunguliwa ni watu, na sheria haikuguswa. Mwezi wa Juni 1982 Kenya ikafanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja. Tarehe 1 Agosti kukatokea jaribio la kuipindua serikali, na katika mwaka ule Koigi akarudishwa kizuizini. Hakuwa peke yake. Al-Amin Mazrui, mwana wa pwani, mwandishi na mwalimu wa chuo kikuu, naye alifungiwa mwaka huo huo.

Utawala ule ulidumu miaka 24. Mwaka 1992 wenzetu walipotaka kuandikisha chama cha IPK walikataliwa, na mitaa ya Mombasa ikaona machafuko. Na huko Bonde la Ufa, nyakati za uchaguzi, wanyonge wa Molo na Njoro walichomewa nyumba na kufukuzwa mashambani. Fitina hiyo haikwisha kwa kuondoka Moi mwaka 2002, kwani mwezi wa Januari 2008 damu ilimwagika katika mji wa Nakuru wenyewe.

Moi naye alikufa tarehe 4 Februari 2020, akazikwa Kabarak tarehe 12. Maelfu walipanga foleni kumwaga. Wengine walikumbuka vyumba vya mateso vya Nyayo House na hawakuona la kusifu. Majirani wa mtaa mmoja walitofautiana, huyu akimkumbuka kwa maziwa ya shuleni aliyokunywa utotoni, na yule akimkumbuka kwa jamaa yake aliyerudi kutoka jela akiwa kilema.

MAFUNZO YA DINI YETU

Sasa na tuulize: dini yetu imetufundisha nini katika hali kama hii?

La kwanza, tusimlilie mtu kama aliyekuwa mungu. Alipofariki Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mwaka wa 11 wa Hijra, Sayyidna Umar hakuweza kuyapokea maneno hayo, akamtisha kila aliyeyasema. Akaja Sayyidna Abubakar, akawakumbusha watu kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad basi Muhammad amekufa, na anayemwabudu Mwenyezi Mungu basi Yeye yu hai wala hafi; kisha akawasomea aya ya 144 ya Sura Al Imran. Ikiwa msiba ule mkubwa kuliko misiba yote haukuwapa Masahaba ruhusa ya kukata tamaa, basi itakuwaje kwa mtawala wa dunia? Na alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume, jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawakataza, akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Basi wanaosema kwamba mvua fulani au radi fulani ilimlilia mkubwa fulani, waiache itikadi hiyo.

La pili, tusitukane maiti, wala tusiseme uwongo juu yake. Katika Hadithi aliyoipokea Bibi Aisha tumekatazwa kuwatukana wafu, kwani wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Huenda mtu akauliza: je, na dhulma isitajwe? Twajibu kwamba matusi ni jambo moja na ushahidi ni jambo jingine. Maulamaa wamekuwa wakizitaja aibu za wapokezi wa Hadithi waliokwisha kufa, kwa ajili ya kuilinda dini. Aliyefungwa bila ya hukumu ana haki ya kusema kwamba alifungwa. Aliyenyang'anywa shamba ana haki ya kulidai, hata kama aliyelichukua yu kaburini. Anayemnyamazisha kwa kusema "marehemu hasemwi" amemsaidia dhalimu mara ya pili.

La tatu, tuombe desturi mbaya ife pamoja na mwenyewe. Inasimuliwa kwamba Hasan al-Basri alipopata khabari ya kufa kwa Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraq aliyemwaga damu nyingi, alisujudu kumshukuru Mwenyezi Mungu, akaomba kwamba kama alivyomfisha yeye, azifishe na nyendo zake. Hiyo ndiyo dua ya mwenye akili. Wenzetu wa 1978 walizikwa na furaha ya kufunguliwa watu, wakasahau kuuliza juu ya ufunguo umebaki kwa nani. Sheria ile ya kizuizini haikuondolewa hata 1997, na miaka yote hiyo ilikuwa ikingoja mkono wa kuitumia.

La nne, urithi wa uongozi uwe kwa shauri na kanuni inayojulikana kabla ya msiba. Sayyidna Umar alipochomwa na kujua kwamba atakufa, hakumrithisha mwanawe. Aliwaachia watu sita washauriane, akawawekea muda wa siku tatu. Katiba ya Kenya ya 2010 imesema wazi kwamba Rais akifa, Naibu wake atashika mahali pake kwa muda uliobaki. Yatupasa tuijue kanuni hiyo na tuilinde, apendeze atakayefaidika nayo au asipendeze. Anayeivunja leo kwa kumchukia mtu, kesho hatakuwa na ngao siku atakapochukiwa yeye.

La tano, tusikimbilie milangoni. Kila unapobadilika utawala huonekana wajumbe wakijiita wasemaji wa Waislamu, wakipeleka utiifu wetu ambao hatukuwatuma, na wakirudi na ahadi ambazo hatuzioni. Sayyidna Abubakar mwenyewe, siku aliyopewa uongozi, aliwataka watu wamsaidie akienda sawa na wamwongoze akipotoka. Basi mtawala mpya apewe haki zake mbili: kutiiwa katika mema, na kunasihiwa. Anayempa ya kwanza na kumnyima ya pili amemdhuru.

KHATIMA

Tusidhani kwamba maneno haya ni ya wakubwa tu. Mtawala wa mabavu hufunzwa na watu wake. Sisi wenyewe, katika misikiti yetu na jumuiya zetu, mara ngapi tumemwachia mtu mmoja funguo, fedha na daftari, tukaona haya kumwuliza, kisha siku ya kufa kwake tukagombana mbele ya jeneza? Na turekebishe hapo kwanza, kwa maana anayeshindwa kudai hesabu ya msikiti hataweza kudai hesabu ya nchi.

Tunawaomba ndugu zetu katika darasa zao wazungumze juu ya maswali haya matatu. Je, katika jumuiya yetu ni nani atakayeshika kazi akifa mwenyekiti, na jambo hilo limeandikwa? Ni desturi gani mbaya tuliyoiacha iishi baada ya kufa mwenyewe? Na ni nasaha gani tunayoiogopa kumpa aliye hai, tukingojea kuisema juu ya kaburi lake?

Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye ufalme. Humpa amtakaye na humwondolea amtakaye. Atujaalie viongozi waadilifu, na atujaalie sisi kuwa raia wasiouza ulimi wao.

Wabillahi tawfiq.