Tangawizi, Posho na Mana



Mnakumbuka Machi 2020? Tarehe 16 ikatangazwa korona imeingia nchini. Ghafla barakoa na vitakasa mikono vikaadimika. Baadaye ikawa zamu ya malimau na tangawizi za kujifukiza, bei juu. Wengi tukasema ni uchoyo. Mimi naona hofu zaidi: ugonjwa huuoni, lakini kapu lililojaa unalishika.

Hapa Tabora hofu hiyo si ngeni. Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ndui ilisafiri na watu njia ileile. Ila mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 hivi begani angelimbikiza wapi? Aliishi kwa posho, chakula kikitafutwa vijijini njiani. (Tusiipambe sana: misafara mingine ilimaliza chakula cha wenyeji.)

Mana nayo ilikuwa posho. Soma Kutoka 16: iliyolazwa ilioza, isipokuwa ya Sabato. Na kipimo kilikuwa idadi ya watu hemani, siyo ukubwa wa hofu yao. Basi aliyemnunulia mgonjwa wake malimau hakukosea. Lakini boksi la tano la barakoa, jirani akiwa hana hata moja? Kwenye Baba Yetu tunaomba mkate wa siku, tena tunauita “wetu”.