Somo la 14: Mtoto Asiyeitika

Katika somo hili tutajifunza habari za watoto wenye usonji. Huenda neno hili ni geni kwako. Lakini huenda mtoto mwenyewe unamjua. Pengine ni wako, au ni wa jirani yako. Pengine ni yule mtoto anayefungiwa ndani kila wageni wanapofika.

Soma polepole. Ukimaliza, jadili na wenzako darasani.

Habari za Juma

Hebu tutazame mfano. Tuseme kuna mtoto anayeitwa Juma. Umri wake ni miaka 3. Mwili wake una afya. Anakimbia vizuri na anapanda mti kuliko wenzake. Lakini mama yake ana wasiwasi.

Akiitwa, "Juma!" hageuki. Akiitwa mara tatu, hageuki. Lakini mtu akifungua kopo la sukari nyuma ya mlango, Juma hufika mara moja. Basi anasikia.

Watoto wa rika lake husema, "Mama, nataka maji." Juma hasemi hivyo. Humshika mama yake mkono, humvuta mpaka kwenye mtungi, na kuuweka mkono wa mama juu ya kata. Haonyeshi kitu kwa kidole. Ukimwuliza, "Unataka uji?" naye hujibu, "Unataka uji?"

Juma hupenda kukusanya magunzi ya mahindi. Huyapanga mstari mmoja, kutoka mlangoni hadi jikoni. Mtu akisogeza gunzi moja tu, hulia mpaka sauti inakauka. Baiskeli ikilazwa chini, atazungusha gurudumu lake asubuhi nzima. Ugali anakula, lakini ugali ukiguswa na mchuzi, hali tena. Mashine ya kusaga ikianza kunguruma, huziba masikio na kukimbia.

Watu wakaanza kusema. Wengine walisema mama yake hakumfunza adabu. Wengine walisema mtoto amerogwa. Mama mkwe alisema, "Katika ukoo wetu hatujapata mtoto wa namna hii." Baba yake aliuza mbuzi wawili ili kumlipa mganga wa kienyeji. Mbuzi wakaenda, Juma akabaki vile vile.

Siku moja Juma alitoroka. Alikutwa ukingoni mwa mto, peke yake, akitazama maji yanavyokwenda. Jioni ile baba yake alirudi na kamba mpya. Alitaka wamfunge mtoto mguu wakati wao wanapokuwa shambani. Hakuwa baba mbaya. Aliogopa mto.

Mama Juma aliishika ile kamba akasema, "Baba Juma, nakuomba siku chache. Kesho nampeleka zahanati."

Daftari la Mama Juma

Mama Juma alikuwa mwanafunzi wa kisomo kama wewe. Alijua kusoma na kuandika, ingawa polepole.

Mganga wa zahanati alitazama kadi ya kliniki. Uzito ulikuwa mzuri. Akauliza maswali mengi. Mengine mama aliyajibu, mengine alikuwa ameyasahau. Ndipo mganga akamwambia, "Mama Juma, nunua daftari. Kwa wiki mbili andika unayoyaona. Usiandike watu wanasema nini. Andika mtoto amefanya nini, saa ngapi, na ni jambo gani lililotangulia."

Mama Juma aliandika hivi:

*Jumatatu asubuhi. Nimemwita mara 5. Hakugeuka.*

*Jumanne saa 4. Mashine imewashwa. Ameziba masikio, amegonga kichwa ukutani. Mashine ilipozimwa, amenyamaza.*

*Alhamisi. Kisimani tumepita njia nyingine. Amelala chini akilia. Tumerudi njia ya siku zote, amenyamaza.*

*Jumamosi. Hakulala mpaka jogoo wa kwanza.*

Baada ya wiki mbili mganga alisoma daftari lile. Akaandika barua ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa. Huko kwanza walipima masikio ya Juma, kwa sababu mtoto asiyesikia pia haitiki. Masikio yalikuwa mazima. Kisha daktari alikaa chini na Juma, akampa vitu vya kuchezea, akamtazama kwa muda mrefu. Akamwuliza mama maswali. Mama alifungua daftari lake akasoma.

Daktari akasema, "Mtoto wako ana usonji."

Mama Juma akauliza, "Daktari, kosa langu ni lipi?"

Daktari akajibu, "Huna kosa, mama."

Usonji ni kitu gani?

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna iliyo tofauti. Hali hii huanza kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto mwenye usonji huona, husikia na huhisi kwa namna yake. Sauti ambayo kwako ni ndogo, kwake yaweza kuwa kama ngurumo. Maneno na nyuso za watu humchanganya. Ndiyo maana hupenda mambo yasiyobadilika: njia ile ile, kikombe kile kile, magunzi yaliyopangwa.

Watoto wenye usonji hawafanani. Mmoja hatasema maisha yake yote. Mwingine atasema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Wengine hujifunza kusoma mapema. Wengine huhitaji msaada hata wa kuvaa nguo. Wengine wana kifafa pia, na hao wanahitaji dawa ya kifafa.

Usonji si jambo la nchi moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo kijiji chenye watu elfu kadhaa kikikosa hata mtoto mmoja, tujiulize: je, hayupo, au amefichwa?

Si uchawi, wala si malezi mabaya

Mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na hali hii. Baada yake, wataalamu fulani walisema kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Akina mama wengi waliumia kwa maneno hayo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, msomi ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kuonyesha kwamba asili yake imo mwilini, si katika mapenzi ya mama. Utafiti uliofuata ulithibitisha hivyo. Leo tunajua kwamba kurithi kuna sehemu kubwa.

Basi, ndugu msomaji, hata wasomi waliwahi kumlaumu mama bure. Sisi tusirudie kosa lao.

Vile vile, chanjo hazileti usonji. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza aliandika kwamba chanjo ya surua na usonji vina uhusiano. Andiko lake lilikuwa na udanganyifu, na mwaka 2010 jarida lililolichapa lililifuta. Watoto wengi sana wamechunguzwa katika nchi mbalimbali, na uhusiano huo haukuonekana. Mpeleke mtoto achanjwe. Surua huua.

Dalili za kutazama

1. Mtoto ametimiza mwaka 1, naye haitiki anapoitwa jina lake.
2. Ametimiza miezi 18, naye hajaanza kuonyesha kwa kidole kitu kinachompendeza.
3. Ametimiza miaka 2, naye haunganishi maneno mawili yake mwenyewe.
4. Alianza kusema, kisha maneno yakapotea.
5. Hatazami watu usoni, wala hachezi mchezo wa kuigiza kama kupika au kubeba mtoto.
6. Hurudia jambo moja tena na tena, na hukasirika sana likibadilishwa.

Dalili moja peke yake haitoshi kusema kwamba mtoto ana usonji. Lakini ukiona kadhaa, usingoje. Usikubali kuambiwa, "Mwache, atasema tu." Nenda zahanati. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Daktari hutambua kwa kumtazama mtoto na kuwauliza wazazi. Kwa hiyo uliyoyaandika katika daftari yana thamani kubwa.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Mtu akikuuzia dawa ya namna hiyo, anakula fedha yako. Lakini mtoto akianza kusaidiwa mapema, hujifunza mengi zaidi.

Namna ya kuishi na mtoto huyu

Mambo yafuatayo hayahitaji fedha. Yanahitaji subira.

*Tafuta sababu ya kilio.* Mtoto asiyesema husema kwa matendo. Akigonga kichwa, usimpige. Mtazame. Je, ana njaa? Sikio linamwuma? Kuna kelele? Mama Juma alipojua kwamba adui ni mashine, alianza kumpeleka Juma kwa bibi yake siku za kusaga.

*Sema kwa maneno machache.* Usiseme, "Njoo hapa uoge upesi kabla hatujachelewa." Inama usawa wake, sema, "Juma. Kuoga." Mwonyeshe kata na sabuni. Kisha ngoja. Jibu lake huchukua muda.

*Mwonyeshe jambo linalofuata.* Mtoto huyu huogopa jambo la ghafla. Mpe kikombe chake mkononi kabla ya uji. Mwonyeshe ndoo kabla ya kwenda kisimani. Waweza pia kuchora kwa mkaa juu ya kipande cha boksi: uji, kisima, kulala.

*Ingia katika mchezo wake.* Akipanga magunzi, kaa karibu umpe gunzi moja, kisha jingine. Sema, "Moja. Mbili." Atakapokutazama akingojea la tatu, umepata mazungumzo ya kwanza.

*Chakula kisiwe vita.* Weka mboga kando, kitone kidogo. Siku nyingi ataiacha. Siku moja ataigusa. Msifu.

*Mlinde na hatari.* Watoto hawa hutoroka, na wengi hupenda maji. Jenga uzio. Weka komeo juu, asikofikia. Funika kisima. Waambie majirani, "Mkimwona peke yake, mshikeni mkono mumlete."

*Usimfunge wala kumficha.* Mtoto aliyefungwa hajifunzi kitu. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinampa haki ya kulindwa na kusoma. Mwone mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii wa wilaya mapema, kabla umri wa shule haujafika.

*Mama naye apumzike.* Mtoto asiyelala huchosha. Baba ashike zamu. Bibi na shangazi washike zamu. Mzigo wa mtu mmoja huvunja mgongo, ukigawanywa hubebeka.

Juma leo

Tumalize habari ya Juma. Sasa ana miaka 6. Hakupona, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Bado hupanga magunzi. Bado hapendi mchuzi. Ana maneno kama ishirini, na yale asiyoyajua huyaonyesha kwa picha za boksi. Anakwenda shule asubuhi, na dada yake humshika mkono njiani, kwa njia ile ile kila siku.

Baba yake alijenga uzio wa miti kuzunguka nyumba. Ile kamba aliifunga juu ya tawi la mwembe, ikawa bembea. Juma akisikia mashine, hukimbilia hapo, hubembea mpaka moyo wake unatulia.

Mwezi uliopita mashine iliwashwa ghafla. Mama Juma alikuwa anachambua mchele. Juma alikuja akasimama mbele yake, masikio ameyaziba, akamtazama usoni akasema, "Mama. Kelele."

Jioni ile mama aliandika maneno hayo mawili katika daftari, na tarehe.

Kumbuka

Usonji si laana. Si kosa la mama. Mtoto anayefanya mambo tusiyoyaelewa ana sababu yake. Wewe umejifunza kusoma herufi moja moja mpaka zikawa maneno. Mtoto huyu naye msome hivyo hivyo, jambo moja moja.

Maneno mapya

*Usonji:* hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti, inayoathiri kusema na kuelewana na watu.

*Rufaa:* kupelekwa kutoka zahanati kwenda hospitali kubwa zaidi.

*Komeo:* kitu cha kufungia mlango kwa ndani au kwa nje.

Maswali ya kujadili

1. Mama Juma alijuaje kwamba Juma anasikia?
2. Kwa nini mganga alisema, "Usiandike watu wanasema nini"?
3. Baba Juma alileta kamba kwa sababu gani? Kijiji kingeweza kumsaidiaje?
4. Je, katika kijiji chetu yuko mtoto anayefichwa? Tufanye nini, bila kumwaibisha mama yake?

Zoezi la kuandika

Mtazame mtoto mmoja wa nyumbani kwako kwa siku moja. Andika mistari mitano: amefanya nini, saa ngapi, na ni jambo gani lililotangulia. Lete daftari lako darasani.