KUJARIBU NGUVU ZA KOKOTO

Kokoto ni mawe yaliyopondwa yawe madogo, nayo hutumiwa katika zege, chini ya reli, na katika barabara. Mtu akiona chungu mbili kando ya njia hudhani ni sawa, maana zote ni ngumu mkononi. Lakini moja yaweza kudumu miaka mingi chini ya magurudumu ya malori, na nyingine ikageuka vumbi kabla ya masika mawili kupita, na fedha ya watu ikapotea.

Mafundi wa zamani hugonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza. Jiwe zima hulia kama chuma. Lililooza ndani hutoa sauti iliyofifia. Ni jaribio zuri, lakini masikio hayaandiki hesabu, wala mafundi wawili hawasikii sawasawa. Kwa hiyo viko vyombo.

Kimoja ni kikombe kizito cha chuma, na juu yake nyundo ya kilo 14 hivi. Kokoto huchekechwa, zikachaguliwa zipitazo tundu la milimita 14 lakini zisizopita tundu la milimita 10. Hukaushwa tanurini, zikapoa, zikapimwa, kisha hutiwa kikombeni na kushindiliwa kwa fimbo ya chuma mara 25. Ndipo nyundo huachwa ianguke toka juu sentimita 38, mara 15, si zaidi wala si pungufu. Baadaye huchekechwa tena kwa chekecheke lenye matundu ya milimita 2.36, na unga upitao hupimwa.

Kama kokoto zilikuwa gramu 350, na unga ni gramu 70, zidisha 70 kwa 100, kisha gawanya kwa 350. Jawabu ni 20 katika mia. Jawabu likiwa dogo, jiwe lina nguvu. Kwa uso wa barabara, mahali ambapo gurudumu hugusa jiwe lenyewe, kanuni nyingi haziruhusu zaidi ya 30.

Hata hivyo nguvu si yote. Iko miamba myeusi ya volkano ionekanayo mizima, ikavumilia nyundo, na kumbe ndani yake mna chembe za udongo wa mfinyanzi. Ikilowa na kukauka mara nyingi, hupasuka. Kwa hiyo kokoto nyingine hulowekwa siku nzima kabla ya kupigwa, ili ijulikane maji yamezipunguzia nini.

Jaribio jingine, la ajabu kidogo, hutumia chumvi ya haluli, ile ile inywewayo kusafisha tumbo. Kokoto hukaa saa 16 hadi 18 katika maji yaliyoshiba chumvi hiyo, kisha hukaushwa tanurini. Ndani ya nyufa chumvi huganda kuwa fuwele, nazo zikikua husukuma jiwe mpaka lipasuke. Hayo hurudiwa mara 5. Kanuni moja ya Marekani hukataa kokoto za zege zilizopoteza zaidi ya 18 katika mia.

Na mwamba wa juu, uliopigwa na jua na mvua, haufanani na wa chini. Machimbo yakifikia tabaka jingine, majaribio huanza upya.