Kuhesabu Wagonjwa Nako ni Kutibu



Vijana wanaomaliza kidato cha nne huja kuniuliza: "Mama, kuona damu siwezi, lakini hesabu naipenda. Je, hospitalini kuna kazi yangu?" Zamani niliwajibu kuwa waende wakafanye kazi benki. Siku hizi nawajibu kuwa kazi ipo, tena kubwa. Ni kazi ya mtafiti wa afya ya jamii. Muuguzi humhudumia mgonjwa mmoja kitandani. Mtafiti huuchunguza ugonjwa katika kijiji kizima. Leo tujifunze kazi hiyo kwa maisha ya Dk. Hans Rosling wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2017.

KOSA LA HARAKA

Rosling alisomea takwimu na udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Mwaka 1979 alikwenda Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, kuwa mganga wa wilaya. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, wanawake na watoto wa vijijini walianza kupooza miguu yote miwili ghafla. Hakuna aliyejua ni ugonjwa gani, wala kama unaambukiza.

Mkuu wa mji alimwuliza daktari kama inafaa kufunga barabara ili ugonjwa usiingie mjini. Kwa hofu, daktari alikubali, akiona ni lazima kitu fulani kifanyike. Barabara ikafungwa. Asubuhi akina mama na watoto waliotaka kwenda sokoni Nacala waliona basi halipo. Wakateremka pwani, wakawaomba wavuvi wawavushe. Chombo kikapinduka, wakafa maji.

Rosling aliliweka jambo hilo moyoni kwa miaka mingi. Mwishowe aliliandika mwenyewe katika kitabu chake "Factfulness", kilichotoka mwaka 2018 baada ya kifo chake. Linalouma zaidi ni hili: baadaye ilijulikana kuwa ugonjwa ule hauambukizi kabisa.

HESABU ZILISEMA NINI?

Watafiti walipita vijijini, wakaandika kila aliyepooza: umri wake, mahali anapokaa, lini alianza kuugua na anakula nini. Wakapata wagonjwa zaidi ya 1,000. Kisha wakazipanga hesabu zao, nazo zikaanza kusema. Wagonjwa wengi walikuwa watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Watoto wachanga wanaonyonya walisalimika. Ugonjwa ulizidi wakati wa kiangazi, tena kwa watu wa vijijini waliokuwa hawana chakula kingine isipokuwa muhogo mchungu.

Hapo chanzo kikaonekana. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Kwa desturi watu huutengeneza kwa siku nyingi mpaka sumu itoke. Lakini njaa haina subira, wakafupisha siku hizo. Nao walikuwa hawana maharage wala samaki, na mwili usiopata protini hushindwa kuiondoa sumu vizuri.

Ugonjwa huu huitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Hapa Tanzania uliwahi kuonekana Tarime mwaka 1985, na baadaye mkoani Mtwara. Aliyepooza kwa konzo haponi, lakini kinga yake iko jikoni. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au zaidi, ukaushwe vizuri juani, na uliwe pamoja na mboga za kunde, dagaa au samaki. Kuuchemsha tu hakutoshi.

KUTOKA KIJIJINI HADI CHUO KIKUU

Kwa utafiti huo Rosling alipata shahada ya uzamivu mwaka 1986. Baadaye alikuwa profesa katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm. Huko aliwapa wanafunzi wake maswali matano: katika kila jozi ya nchi, ni ipi ambayo watoto wengi zaidi hufa? Kwa wastani walipata 1.8. Mtu anayebahatisha tu angepata 2.5! Akatambua kuwa hata wasomi huamini mambo ya zamani bila kutazama hesabu. Tangu hapo akawa mwalimu wa kuonyesha takwimu kwa picha ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa. Mwaka 2014 alikwenda Liberia kusaidia kufuatilia hesabu za wagonjwa wa Ebola.

KAZI INAANZA KWETU

Ndugu zangu wauguzi wa zahanati, utafiti huanzia katika rejista yetu. Katika miaka yangu ya kazi nimeona rejista nyingi ambazo nafasi ya "kijiji" iko tupu, au umri umeandikwa "mtu mzima". Nami nimewahi kufanya hivyo foleni ilipokuwa ndefu. Lakini wagonjwa watano wa kijiji kimoja wasipoandikwa kijiji chao, nani atajua kuwa kijiji hicho kinaumwa?

Nanyi wazazi, karani wa utafiti akibisha hodi, mwulizeni kwanza anatafuta nini na majibu yatawarudia vipi. Mkiridhika na kukubali kushiriki, mwambieni kweli.

Nanyi vijana, shikeni hisabati na biolojia. Afya ya jamii na takwimu hufundishwa vyuo vikuu, kikiwemo cha Muhimbili. Hata mwenye diploma ya uuguzi anaweza kujiendeleza akifikisha sifa zinazotakiwa. Njia ni ndefu, lakini wako waliofika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kufunga barabara kulileta madhara badala ya kinga?
2. Nyumbani kwenu muhogo mchungu hutengenezwa kwa siku ngapi? Je, wakati wa njaa?
3. Kuna ugonjwa gani kijijini kwenu ambao wote wanaujua lakini hakuna aliyeuhesabu?

Tukutane tena mwezi ujao.