Alama ya Wastani na Sura ya Darasa: Usomaji wa Matokeo ya Shule Ndogo ya Kutwa nchini Kenya

Utangulizi

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, shule ya upili ya umma hupimwa kwa nambari moja tu, nayo ni alama ya wastani. Nambari hiyo hutajwa katika mikutano ya wazazi, huandikwa kwenye mabango ya barabarani na hutumiwa kumsifu au kumlaumu mwalimu wa somo. Mwaka wa 2014 serikali ilipiga marufuku upangaji wa shule kwa misingi ya matokeo, lakini mazoea ya kupanga hayakufa; yalihamia vijijini na katika ofisi za walimu wakuu.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba katika shule ndogo ya kutwa, yaani shule ya mkondo mmoja yenye watahiniwa wapatao ishirini, nambari hiyo husema machache kuhusu mafunzo na mengi kuhusu aina ya wanafunzi waliokuwamo darasani. Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili vyuoni moja kwa moja. Wengi wao watatumwa katika shule za aina hii, kwanza kwa mazoezi ya ualimu na kisha kwa kazi yenyewe, na watahukumiwa kwa nambari wasiyofundishwa kuisoma.

Udogo wa darasa na wepesi wa nambari

KCSE, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989, huwa na gredi kumi na mbili: A hupewa pointi 12, A- pointi 11, na kuendelea hivyo hadi E yenye pointi 1. Alama ya wastani ya shule hupatikana kwa kujumlisha pointi za watahiniwa wote na kuzigawanya kwa idadi yao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ina watahiniwa 20: wawili wana C+, watatu C, wanne C-, watano D+, wanne D na wawili D-. Jumla ya pointi ni 88, na wastani ni 4.40, sawa na gredi ya D+. Sasa tuseme kwamba mwaka uliofuata matokeo ni yale yale, ila nafasi ya mtahiniwa mmoja wa D- imechukuliwa na mwenye A-. Jumla inakuwa 97 na wastani unapanda hadi 4.85, yaani C-. Shule itashangilia, na huenda mwalimu mkuu akaalikwa kutoa siri ya ufanisi. Katika shule yenye watahiniwa 300, badiliko hilo hilo la mtoto mmoja lingeongeza wastani kwa 0.03 tu, wala hakuna ambaye angeligundua.

Kinyume chake ni cha kusikitisha zaidi. Mwanafunzi anayeonyesha dalili za kufaulu katika shule ndogo mara nyingi huhamia shule ya bweni, hasa akipata mfadhili au jamaa wa kumlipia karo. Iwapo wale wawili wa C+ katika mfano wetu watahama wakiwa kidato cha tatu, watabaki watahiniwa 18 wenye jumla ya pointi 74, na wastani utashuka hadi 4.11. Hakuna mtoto aliyepungukiwa na maarifa. Kilichotokea ni kwamba shule iliwalea wanafunzi wawili vizuri mno, ikaadhibiwa kwa hilo.

Kuna njia nyingine ya kuhesabu, na hii ndiyo yenye hatari. Mwalimu mkuu aliyebanwa na bodi ya usimamizi anaweza kushawishika kuwashauri wale wawili wa D- wakariri kidato cha tatu, au wakafanyie mtihani kwingine. Pointi zinazobaki ni 84 kwa watahiniwa 18. Wastani ni 4.67. Shule imetoka D+ ikaingia C- bila kipindi kimoja cha ziada kufundishwa. Kihesabu, hila hii inazaa karibu sawa na kumlea mwanafunzi wa A-, na ni rahisi kuliko kumlea. Inapotendeka, matokeo yake hayaonekani kwenye ubao wa matangazo kwa sababu mtoto aliyeondolewa hana safu yake pale. Anaonekana kijijini tu, akichunga au akibeba mizigo sokoni.

Wanafunzi wa shule ndogo ni akina nani?

Asili ya shule hizi ni ya kijamii. Baadhi zilianza kama shule za harambee baada ya uhuru wa mwaka wa 1963; nyingine zilijengwa kwa Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge iliyoundwa mwaka wa 2003, mara nyingi katika uwanja mmoja na shule ya msingi. Mpango wa elimu ya sekondari ya kutwa bila malipo ya karo wa mwaka wa 2008 uliziongezea wanafunzi, na sera ya kuhakikisha kila mtoto anaendelea hadi sekondari, iliyoshika kasi mwaka wa 2018, ikaleta hata wale ambao zamani wangeachwa nje.

Uteuzi wa wanafunzi ulifuata ngazi. Shule za kitaifa zilichukua waliopata alama za juu katika KCPE, zikafuatwa na zile zilizoitwa za mkoa, na hatimaye za wilaya. Shule ndogo ya kutwa ilipokea waliosalia. Pamoja nao iliwapokea waliokuwa na alama za kutosha kwenda kwingine lakini wakakosa karo ya bweni, na kwa kawaida hawa ndio waliofika kidato cha nne wakiwa nguzo ya darasa. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 likaingia kidato cha kwanza mwaka wa 2024.

Kulinganisha wastani wa shule ya juu na wa shule hii bila kutaja alama za kuingilia ni sawa na kumsifu mvuvi aliyepewa wavu na kumkejeli aliyepewa ndoana kwa sababu kapu lake ni jepesi. Mtoto aliyeingia na alama 180 kati ya 500 akatoka na C- amesafiri safari ndefu. Aliyeingia na 400 akatoka na B huenda hakusogea. Haya yanajulikana na walimu wote, na bado hayaandikwi katika ripoti.

Zaidi ya alama za kuingilia kuna umri, jinsia na umbali. Shule ya kutwa huwa na waliokatiza masomo wakarejea, wakiwamo wasichana waliojifungua, ambao sera ya mwaka wa 1994 iliwafungulia mlango wa kurudi shuleni. Msichana huyo hufika akiwa ametembea, amenyonyesha na amepika. Jioni hurudia yayo hayo. Mvulana wa umri huo huo hukosa siku za soko au msimu wa mavuno. Katika darasa la 20, wanafunzi wanne wenye utoro wa aina hii ni moja kwa tano ya darasa lote.

Fedha nazo hufuata vichwa. Kwa kiwango cha shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka kilichowekwa mwaka wa 2018, shule ya wanafunzi 120 ilistahili shilingi 2,669,280, na ya wanafunzi 900 ilistahili shilingi 20,019,600. Lakini maabara, mlinzi na paa linalovuja havipungui bei kwa kuwa wanafunzi ni wachache.

Karatasi ya tatu na kabati la vitabu

Athari ya hali hii katika somo la Kiswahili inaonekana wazi katika karatasi ya tatu. Mtihani wa Kiswahili una alama 200: Insha 40, Lugha 80 na Fasihi 80. Katika Fasihi mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Swali la kwanza ni la lazima, na haruhusiwi kujibu maswali mawili kutoka sehemu moja. Sehemu ni tano: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi.

Ushairi na fasihi simulizi hazihitaji kitabu teule. Kwa hivyo, hata mtahiniwa mwerevu wa kuchagua atalazimika kujibu angalau maswali mawili yanayotegemea vitabu, yaani alama 40 kati ya 80. Hiyo ni moja kwa tano ya somo zima. Pale ambapo nakala tatu za riwaya zinagawanywa kwa wanafunzi ishirini, alama hizo hutegemea zamu ya kwenda na kitabu nyumbani, na nyumbani huenda hakuna taa.

Shule ndogo hujikimu kwa kurithisha: kidato cha nne huacha vitabu kwa kidato cha tatu. Utaratibu huu hufanya kazi hadi vitabu teule vibadilishwe. Zilipotoka Chozi la Heri na Kigogo zikaingia Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha, kabati lililokusanywa kwa miaka kadhaa lilipoteza thamani yake ya mtihani kwa mkupuo mmoja. Mabadiliko yenyewe yana faida kitaaluma, wala hakuna msomi wa fasihi atakayetaka kazi zile zile zitahiniwe milele. Hata hivyo, gharama yake haigawanywi kwa usawa.

Lugha ya nyumbani

Yamkini mtu atadhani kwamba shule ndogo za Pwani zimenusurika kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya mama. Si hivyo kabisa. Mtoto wa Mvita asemaye mato badala ya macho na teka badala ya cheka husahihishwa katika insha, kisha darasani, katika ushairi, huambiwa kwamba maumbo hayo hayo ni utajiri wa lahaja. Mwanafunzi wa bara naye huja na lugha yake ya kwanza, na wa mjini huja na Sheng. Darasa dogo linaweza kuwa na aina zote tatu katika madawati kumi, na mwalimu ni mmoja kwa vidato vyote vinne.

Tangu KCSE ya mwaka wa 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja iliyofanywa vyema zaidi na masomo mengine matano bora. Kwa mwanafunzi ambaye Kiingereza hukisikia darasani tu, lugha hiyo moja aghalabu itakuwa Kiswahili.

Rejista ya pili

Idara za Kiswahili vyuoni zingefaa kumfundisha mwalimu mtarajiwa kuweka rejista ya pili, kando na ile ya mahudhurio. Ndani yake kuwe na alama za kuingilia za kila mwanafunzi, shule aliyotoka, lugha anayoitumia nyumbani, umbali anaotembea, siku alizokosa kila muhula na vitabu teule alivyopata kuvisoma hadi mwisho. Waliohama na walioacha wasifutwe. Waandikwe tarehe na sababu. Rejista hiyo iwekwe ofisini kwa faragha, kwani mambo ya mtoto si ya kutangazwa gwarideni. Bodi itakapouliza kwa nini wastani wa Kiswahili umeshuka kutoka 4.40 hadi 4.11, mwalimu afungue ukurasa wa kidato cha tatu, aonyeshe mistari miwili iliyoandikwa “amehamia bweni”.