Sentensi Moja, Fasiri Mbili: Mjadala wa Udhibiti wa Bunduki Nchini Marekani

Mjadala kuhusu udhibiti wa bunduki nchini Marekani aghalabu huelezwa kama mvutano wa vyama vya kisiasa. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa kiasi kikubwa, huo ni mjadala wa fasiri ya matini.

Matini yenyewe ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1791. Katika Kiingereza, ni sentensi moja ya maneno 27 yenye sehemu mbili. Ya kwanza inataja umuhimu wa jeshi la mgambo kwa usalama wa dola huru. Ya pili inasema kuwa haki ya watu ya kumiliki na kubeba silaha isikiukwe. Je, sehemu ya kwanza inaiwekea ya pili mipaka, au inataja sababu tu?

Watetezi wengi wa udhibiti hushikilia kwamba haki hiyo ilifungamana na ulinzi wa umma. Wapinzani wao husisitiza neno ‘watu’, wakidai kuwa haki ni ya kila raia. Mwaka wa 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliafiki fasiri hii ya pili kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi wa wengi, na Jaji John Paul Stevens, aliyepinga, wote walirejelea historia na matumizi ya maneno ya karne ya 18, lakini wakahitimisha kwa namna zinazokinzana. Hata hivyo, Scalia alikiri kwamba haki hiyo si ya mutlaki.

Suala hili haliishii kwenye sarufi. Mwaka wa 2021, watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini humo, zaidi ya nusu yao wakiwa wamejiua. Mei 2022, wanafunzi 19 na walimu 2 waliuawa katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas. Mwezi uliofuata, bunge lilipitisha sheria ya kuwachunguza zaidi wanunuzi wa bunduki walio chini ya miaka 21. Katika wiki iyo hiyo, Mahakama ya Juu, kupitia kesi ya Bruen, ilipanua haki ya kubeba bunduki hadharani.

Ni dhahiri, basi, kwamba sarufi huonyesha utata ulipo, ila haiutatui. Anayeutatua ni msomaji mwenye mamlaka. Na kwa kuwa wasomaji hao ni majaji tisa, uteuzi wa kila mmoja wao umekuwa sehemu ya mjadala wenyewe.